Gitaa la Besi la Mtumba: Tazama Shingo Kabla ya Bei

Kwaya nyingi za mkoa wa Songwe hufikia uamuzi uleule: kinanda peke yake hakitoshi, ibada inataka besi. Mchango unapitishwa, mhazini anakabidhiwa fedha, na vijana wawili wanaagizwa Tunduma au Mbeya kutafuta gitaa. Wakifika wanakuta jipya la bei nafuu, jekundu, linang'aa. Mtaa wa pili kuna mtu anauza lake alilopigia bendi miaka mingi, limechubuka kona zote. Bei zinakaribiana. Wengi huchukua jekundu.

Mimi nasimama upande wa lililochubuka, kwa sharti kwamba mnunuzi ajue kutenganisha ubovu unaotengenezeka hapa tulipo na ule usiotengenezeka. Tunduma ina mafundi redio wanaoweza kuchomelea waya uliokatika huku unasubiri. Ina maseremala, ina mafundi baiskeli na pikipiki wenye spana za kila saizi. Hao watatu wanaweza kulifufua gitaa lenye matatizo mengi yanayowatisha wanunuzi. Lakini shingo ya gitaa iliyojisokota haina fundi hapa, na hata Dar es Salaam utamtafuta kwa tochi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya makala hii ni shingo.

Mji wetu wa Tunduma umekaa pazuri kwa biashara hii. Barabara kuu kutoka Dar es Salaam inaingia hapa baada ya kilomita zaidi ya 900, ya Sumbawanga inaanzia hapa, reli ya TAZARA iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970 inapita hapa, na ukivuka geti la mpaka uko Nakonde, Zambia. Upande wa Ileje, mpaka wa Isongole unakupeleka Chitipa, Malawi. Magitaa yaliyotumika huja kwa njia hizo zote: kutoka maduka ya vyombo vya muziki Kariakoo, kutoka Mbeya mjini, kutoka kwa bendi zilizovunjika, kutoka makanisa yanayobadilisha vyombo, na kutoka kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka.

Masikio ya huku nayo yamezoea besi inayosema. Zambia kuna kalindula, muziki uliochukua jina la besi ya kutengenezwa nyumbani, na miongoni mwa bendi zilizoutangaza ni Serenje Kalindula Band, ya mji ambao treni ya TAZARA huupita ikielekea Kapiri Mposhi. Malawi kuna babatoni, besi ya mkono ya uzi mmoja, na Madalitso Band wamezunguka nayo hadi Ulaya. Mtu aliyekulia kati ya sauti hizo hahitaji kuelezwa besi ni ya nini. Anahitaji tu chombo kisichomwangusha katikati ya wimbo.

Shingo

Gitaa la besi la umeme kama tunavyolijua leo lilianza kuuzwa mwaka 1951, Leo Fender wa Marekani alipotoa modeli aliyoiita Precision. Tangu hapo magitaa mengi ya besi yamefuata vipimo vyake: nyuzi nne, na urefu wa inchi 34, yaani sentimita 86 na nusu hivi, kutoka kwenye mfupa wa juu, ule wenye vijia vya nyuzi karibu na funguo, hadi kwenye daraja linaloshika nyuzi chini. Nyuzi hizo nne zikishakazwa huvuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70. Inavutwa usiku na mchana, miaka yote. Mbao ikiwa haikukaushwa vizuri kiwandani, au gitaa likiachwa kwenye buti la gari linalochemka, shingo hukubali mvuto huo na hairudi.

Lishike gitaa kwa mwili wake, nyuzi zikiwa zimekazwa, ukitazama shingo kwa jicho moja kutoka upande wa daraja kuelekea kwenye funguo, namna seremala anavyokagua ubao kabla ya kuulipia. Fuata ukingo wa upande wa uzi mnene, kisha ukingo wa upande wa uzi mwembamba. Kingo zote mbili zikipinda kidogo kwa pamoja kuelekea mbele, ni kawaida, na pengine ni vizuri. Zikipinda sana kwa pamoja, huenda zinarekebishika. Zikitofautiana, mmoja umenyooka na mwingine umepinda, shingo imejisokota. Rudisha gitaa, shukuru, ondoka. Hata ukipunguziwa nusu ya bei, usilichukue.

Kipimo cha pili kinahitaji vidole tu. Kandamiza uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo) kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono wa pili. Sasa uzi wenyewe umekuwa rula. Mwombe mwenzako atazame katikati, kwenye freti ya 7 au ya 8, kuna nafasi gani kati ya uzi na chuma. Kadi ya biashara ikipenya kwa shida, shingo iko sawa kabisa. Kidole kikikaribia kupenya, shingo imevutika mbele. Uzi ukilala juu ya freti zote bila nafasi yoyote, imepinda kinyumenyume na nyuzi zitagonga freti ukipiga.

Shingo iliyovutika mbele au kurudi nyuma mara nyingi inatibika, kwa sababu ndani yake mna chuma kirefu cha kuirekebisha. Kichwa chake huonekana karibu na funguo, mara nyingi chini ya kifuniko kidogo cha plastiki, au upande wa pili shingo inapoungana na mwili. Hukazwa kwa spana ya pembe sita kama zile za mafundi baiskeli. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akizungushe robo tu ya mzunguko mbele yako. Kikizunguka kwa ugumu wa wastani, kizima. Kikizunguka bila kushika chochote, kimekatika. Kikigoma kabisa, au tundu lake limelika hadi spana inateleza, basi mtu ameshalazimisha. Muuzaji akikataa kukigusa kwa madai kwamba "haliguswi hapo, kaka, utaliharibu", chukulia kwamba kimeshaharibika, na upange bei yako kwa msingi huo.

Ukilinunua, sheria ni robo mzunguko kwa siku. Kaza kuelekea kulia kama shingo imevutika mbele, legeza kama imerudi nyuma, kisha liache lilale usiku kucha upime tena. Mbao haipendi haraka.

Hali ya hewa yetu ina neno hapa. Gitaa lililokaa Dar es Salaam miaka kumi limezoea joto na unyevu wa pwani. Likipanda nyanda za juu katikati ya kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, mbao hukauka na kusinyaa kidogo, ila chuma cha freti hakisinyai. Pitisha kiganja taratibu pembeni mwa shingo, kutoka juu hadi chini. Ukihisi vichwa vya freti vinakwaruza ngozi, ndicho kilichotokea. Hiyo ni kasoro ndogo: fundi mwenye tupa laini huvisawazisha kwa saa moja, akiwa ameziba mbao kwa utepe ili asiikwaruze. Mvua zikianza Novemba, shingo husogea tena, hivyo kuipima mara mbili kwa mwaka ni desturi nzuri ya kujiwekea.

Futi kamba ya seremala ina kazi yake. Pima kutoka kwenye mfupa wa juu hadi freti ya 12, kisha kutoka freti ya 12 hadi kwenye daraja pale uzi unapokalia. Vipimo hivyo viwili vinapaswa kulingana, kama sentimita 43 kila kimoja kwa gitaa la kawaida, cha pili kikizidi kwa milimita chache, hasa kwenye uzi mnene. Kikizidi au kupungua kwa zaidi ya sentimita moja, shingo hiyo haikuzaliwa na mwili huo. Kuna mtu aliunganisha magitaa mawili, na halitapiga nota sahihi hata ulifunge nyuzi za bei gani.

Masikio na vidole

Sasa chomeka. Lakini kabla ya spika, piga kila uzi kwenye kila freti bila umeme, taratibu, kuanzia juu hadi chini. Kazi hii ni ya dakika tano na wengi huona aibu kuifanya mbele ya muuzaji. Usione aibu. Unatafuta nota inayogonga, na nota inayokufa mapema. Freti moja ikigonga, imenyanyuka au majirani zake wamelika. Uzi mwembamba kabisa ukipoteza nguvu kidogo mahali fulani kati ya freti ya 5 na ya 7, usihangaike. Magitaa mengi ambayo shingo imefungwa kwa skrubu huwa hivyo hata yakiwa ya bei kubwa.

Kisha pakua kwenye simu programu ya kutyuni, za bure zipo nyingi. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, utasikia mlio mwembamba wa filimbi. Sasa ukandamize freti hiyohiyo uupige tena. Programu inapaswa kuonyesha nota ileile mara zote mbili. Zikipishana kidogo, skrubu za kwenye daraja zinasogezwa mbele au nyuma mpaka zikutane. Kama skrubu zimeliwa na kutu, dondoshea mafuta ya cherehani ukazisubiri.

Umeme wa ndani ya gitaa ndio unaowakimbiza wanunuzi wengi, na ndio rahisi kuliko vyote. Volyumu inayokwaruza imeingia vumbi. Sauti inayokatika ukitikisa waya ni jeki iliyolegea. Gitaa lililo kimya kabisa mara nyingi lina waya mmoja uliochomoka. Fundi redio yeyote wa Tunduma atakutengenezea hayo, na unayo haki ya kudai punguzo kwa sababu yake. Ubovu wa kuogopa ni kinasa sauti kilichokufa, kile kidude chenye sumaku chini ya nyuzi. Kijaribu hivi: fungua volyumu kidogo, gusisha bisibisi ndogo taratibu juu ya kila kinasa. Kizima kitatoa mlio wa kugongwa kwenye spika.

Baadhi ya magitaa yana betri ya volti 9 mgongoni. Fungua kijumba chake uangalie kama kuna unga wa kijani au mweupe wa betri iliyovuja. Ukimiliki la aina hiyo, chomoa waya kila ukimaliza kupiga, kwa sababu betri huendelea kuliwa maadamu jeki imo ndani.

Jina lililoandikwa kichwani lisikushawishi. Chapa ya Fender ni karatasi ya kubandika ambayo kijana yeyote mwenye printa anaweza kuitengeneza, na bandia zimejaa dunia nzima. Tafuta namba ya gitaa nyuma ya kichwa au kwenye bamba la chuma shingo inapofungwa, ilinganishe na picha za modeli hiyo kwenye tovuti ya kiwanda: umbo la kichwa, idadi ya skrubu, mpangilio wa vitufe. Kwa maoni yangu Yamaha, Ibanez au Squier la kweli lenye shingo iliyonyooka ni bora mara nyingi kuliko jina kubwa lisilothibitika. Na gitaa lisilo na jina lolote, likipita vipimo vya shingo, linunue bila wasiwasi kwa bei ya lisilo na jina.

Ukitumiwa sauti ya gitaa kwa WhatsApp, usihukumu kwa spika ya simu. Uzi mnene wa besi hutetema mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo kiasi hicho haiwezi kuutoa. Vaa spika za masikioni.

Spika, volti na tundu la tatu

Hapa ndipo fedha huungua kwelikweli. Amplifaya zilizotumika kutoka Japani hutumia volti 100, za Marekani volti 120. Umeme wetu ni volti 230, na wa Zambia ni uleule. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Kama kimeandikwa 100V au 120V peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye nguvu ya kutosha, na bei ya transfoma hiyo uihesabu kwenye bei ya amplifaya. Kuchomeka moja kwa moja ni kuiua papo hapo.

La pili linahusu uhai. Plagi ya pini mbili haingii kwenye soketi zetu za matundu matatu mpaka mtu achokoe tundu la juu kwa kalamu au kijiti. Wengi wetu tumeliona hilo kanisani na kwenye kumbi. Tundu hilo ni la waya wa ardhi, na mpiga besi anashika nyuzi za chuma huku mdomo wake uko karibu na maikrofoni ya chuma. Waya wa ardhi usipofanya kazi, umeme unaovuja kwenye mashine moja hupita mwilini mwake. Kwa amplifaya iliyotengenezwa na pini tatu, weka plagi ya pini tatu, hakikisha waya wa ardhi umefungwa ndani, na mwite fundi umeme aupime wa jengo. Msimu wa radi, chomoa kila kitu ibada ikiisha.

Usichomeke besi kwenye sabufa ya nyumbani au kwenye amplifaya ndogo ya gitaa la solo ukafungulia hadi mwisho. Spika zake hazikujengwa kwa mitetemo hiyo mizito na zitapasuka. Kwa sauti ya chini ya mazoezi, sawa. Kanisani, kama hamna amplifaya ya besi, pitisheni gitaa kwenye kisanduku cha kulinganisha mawimbi kabla ya mikisa, mtumie spika kubwa za ukumbi.

Mali ya nani?

Gitaa la kwaya ni mali ya kwaya, wala si ya mpigaji. Nasisitiza hili kwa sababu kulipuuza ni njia nyepesi ya kununua kesi. Mpigaji anagombana na wenzake, anaondoka na gitaa, wiki inayofuata linauzwa mjini. Ukiambiwa gitaa lilikuwa la kanisa, omba nakala ya muhtasari wa kikao kilichoamua kuliuza, wenye sahihi za mwenyekiti na katibu, na uwapigie simu wewe mwenyewe. Kiongozi mwaminifu hatakasirika, atafurahi kuulizwa.

Kwa mtu binafsi, andikianeni hati fupi: majina, namba za kitambulisho cha NIDA, simu, aina ya gitaa, rangi, namba yake, kasoro zake, bei, tarehe, na sahihi za mashahidi wawili. Ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kuwa mahali pa kusainia. Kupokea mali ya wizi huku ukijua au ukiwa na sababu ya kujua kwamba imeibwa ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na bei ya kutupa ni mojawapo ya vitu vitakavyoulizwa. Dukani dai risiti ya EFD.

Lipeni baada ya kupima, kamwe isiwe kabla. Anayekuomba "tuma nauli ya gitaa kwanza" kutoka mji usioujua, mwache. Na wewe muuzaji, usiamini ujumbe wa simu unaosema fedha imeingia. Fungua salio lako la M-Pesa au Airtel Money uione. Kuhusu kwacha, mji huu umezoea kuhesabu fedha mbili, lakini kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja bei au kulipwa kwa fedha za kigeni kwa biashara ya ndani ya nchi. Badilisha kwenye benki au duka lenye leseni, mwuziane kwa shilingi.

Ukinunua Nakonde, pita getini. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019, kimeweka maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, hivyo unahudumiwa mara moja upande unaoingia. Beba risiti au hati ya mauziano. Ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 hukokotolewa kwa thamani ya chombo pamoja na gharama za kukileta, kwa hiyo muulize ofisa wa TRA makadirio kabla hujafunga bei ng'ambo. Njia za panya zinaweza kukunyang'anya gitaa zima kwa ajili ya kuokoa sehemu ya bei yake.

Bendi au kwaya inayokwenda kuimba Zambia na kurudi ina utaratibu tofauti. Orodhesha vyombo vyote na namba zake, vionyeshe forodha mnapotoka, mpate karatasi iliyogongwa muhuri. Mkirudi bila karatasi hiyo, itawawia vigumu kuthibitisha kwamba gitaa hilo hamkulinunua jana Nakonde.

Do, fa, so

Mwanakwaya anayejua nota za do re mi ana faida kubwa ambayo wapigaji wengi wapya hawaijui. Tyuni nyuzi kutoka mnene: E, A, D, G. Weka kidole freti ya 3 ya uzi mnene, hiyo ni do kama wimbo uko kwenye G. Freti ya 3 ya uzi unaofuata ni fa. Freti ya 5 ya uzi huohuo ni so. Kwa nota hizo tatu unaweza kusindikiza mapambio mengi mno. Mwimbishaji akipandisha wimbo hadi A, sogeza mkono wote freti mbili: do freti ya 5, fa ya 5, so ya 7. Umbo halibadiliki. Kinachobadilika ni mahali pa kuanzia, sawasawa na do ya kwenye kitabu cha kwaya inavyohama.

Ukishazipata, acha kutafuta nota nyingine kwa mwezi mmoja ushughulikie mapigo. Kaa karibu na mpiga dramu, sikiliza ngoma kubwa ya mguu, piga nota yako pamoja nayo. Kisha jifunze kunyamaza. Mkono wa kushoto ukilegea kidogo juu ya uzi, nota hukatika, na ukimya huo ndio unaofanya wimbo utembee. Sikiliza rekodi za Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978, au Msondo Ngoma, ufuate besi peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho: utasikia mahali pengi ambapo mpigaji ameacha nafasi na waimbaji wakaingia humo. Kwa wanaopenda seben ya Kikongo, wasikilize Decca Mpudi na Flavien Makabi wa TPOK Jazz, au Ngouma Lokito wa Soukous Stars. Anayeanza asikimbilie gitaa la nyuzi tano kwa sababu amemwona Mkongo nalo. Uzi wa tano unaongeza uzito wa shingo, bei ya nyuzi na makosa ya vidole. Utauhitaji baadaye, ukishajua kwa nini.

Nyuzi ni gharama inayosahaulika. Seti ya kawaida ni ya unene wa 45 hadi 105, ya gitaa refu. Ukinunua ya gitaa fupi la sentimita 76, haitafika kwenye funguo. Zikichakaa na hakuna fedha, zivue, zichemshe kwenye maji safi dakika kama kumi, zikaushe kabisa na uzirudishe. Uchafu wa jasho hutoka na mlio hurudi kwa siku kadhaa, unatosha sikukuu ipite. Kuzifuta kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga huzirefushia maisha kuliko dawa yoyote ya dukani.

Ukitaka kuuza

Anayeuza afanye mwenyewe kazi ambayo mnunuzi mjuzi angeifanya. Safisha jasho lililoganda kwenye freti, peleka jeki kwa fundi, nyoosha shingo, weka nyuzi zinazolia. Gitaa linalochomekwa na kupiga papo hapo huuzwa siku hiyo. Lenye maneno ya "ni waya tu, utatengeneza" hukaa miezi. Usipake rangi upya: mnunuzi atajiuliza unaficha ufa gani.

Piga picha mchana, nje, bila urembo: mbele, nyuma, kichwa kwa pande zote mbili, freti tano za kwanza kwa karibu, namba ya gitaa, na kila mchubuko. Taja kasoro kwenye tangazo lenyewe. Mtu akisafiri kutoka Mkwajuni au Itumba kwa picha nzuri akakuta ufa usiotajwa, hutauza kwake, wala kwa kwaya atakayoisimulia.

Chagua wakati. Fedha huku hutembea na mazao, hivyo mahindi na kahawa ya Mbozi vikishauzwa, kwaya na vijana huwa na uwezo. Kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba, makanisa yanapojiandaa kwa Krismasi, besi haikai. Januari, ada za shule zikidai, utakutana na watu wanaouza, wachache wanaonunua; ukiwa mnunuzi, huo ndio mwezi wako.

Likisafirishwa kwa basi, legeza nyuzi kidogo, usizilegeze kabisa, maana shingo isiyovutwa hurudi nyuma. Tia kitambaa kati ya nyuzi na freti, funga kwa godoro jembamba ndani ya boksi gumu, andika namba ya simu ya mpokeaji pande mbili, na umwombe kondakta lisiwekwe chini ya magunia. Mpokeaji alifungue palepale stendi, alitazame shingo kwa jicho moja, ndipo asaini.